Karatasi Namba Kumi na Saba

3 Machi

Shangazi,

Leo habari inatangulia salamu, unisamehe. Jumba la Simu la zamani litavunjwa mwaka huu. Aliyesema ni mhandisi wa majengo wa manispaa, Ijumaa asubuhi, tukiwa wawili ndani ya lifti, ghorofa ya nne, na milango imegoma kufunga. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

"Na ule ukuta wa ukumbini?" nikamuuliza.

"Ukuta upi?"

"Wa vigae. Wenye watu wanaotembea."

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe fundi wa lifti, ukuta unakuhusu nini?"

"Shangazi yangu alikuwepo ulipojengwa."

Akaniuliza kama bado yuko hai. Nikamwambia yuko hai na ana ulimi. Hapo ndipo akatoa daftari.

Sasa salamu. Shikamoo, Shangazi. Huku wote wazima. Baba goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau. Dada amehamishiwa wodi ya watoto na anasema afadhali, wagonjwa wa huko hawabishi. Mke wangu anakusalimu. Nimekupigia simu mara nne hujapokea, kwa hiyo naandika, kama ulivyotuzoesha.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna kamati ya watu saba itakayoamua kama ukuta ukatwe vipandevipande na kuhamishiwa maktaba mpya, au uanguke na jumba. Kanuni yao inataka tamko la mtu aliyeutengeneza, na awe hai. Vitabu vya manispaa vina jina moja tu, la yule mkubwa wako wa kazi uliyekuwa ukimwita Fundi Kipara, naye ni marehemu mwaka wa tisa huu. Nimeambatanisha fomu. Ni kurasa mbili, na inatakiwa irudi kabla ya tarehe 31 Agosti.

Nyumbani tumezoea kusema wewe ulichanganya gundi. Mhandisi amesema hata mchanganya gundi anatosha.

Mwanao,
Panda-Shuka


19 Machi

Panda-Shuka wangu,

Marahaba. Mwambie kaka yangu goti ni la kufanyia mazoezi, si la kusimulia. Dada yako mpe hongera. Mimi sijambo. Tangi la maji limepasuka chini na nimeliziba mwenyewe. Jirani yangu mshonaji alisimama kunipa ushauri mpaka nilipomaliza. Wanawake watatu wanakuja kwangu Jumanne kujifunza kuweka vigae vya bafu. Mmoja ana mkono, wawili wana maneno.

Simu yako niliisikia ikilia. Simu siipendi. Neno la kwenye simu huwezi kulisoma tena kesho ukaona ulikosea wapi.

Fomu nimeiona. Nimeiweka juu ya kabati.

Wewe umekaa hapo katikati ya mji miaka kumi na mitano, unapanda na kushuka ndani ya majumba kama damu, na nina hakika hujawahi kuyatazama kwa nje. Basi nifanyie kazi. Jumapili moja, asubuhi, barabara zikiwa tupu, anza kwenye milango ya shaba ya benki kuu. Iguse. Toka hapo nenda mahakamani, upande ngazi ile ya mviringo, uhesabu vipande. Pita kwenye ndege wa chuma wa mzunguko wa barabara. Utafika Jumba la Simu saa nne, maana saa nne ndipo jua linapoingia kwa dirisha la juu. Kisha niandikie ulichokiona. Ulichokiona, si ulichokifikiri.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameanza mazoezi, kwa maana ya kwamba ameuliza bei ya viatu. Mtoto wa dada ameota jino la kwanza na amemng'ata nalo daktari.

Nilitoka nyumbani saa moja, leo. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na lami ilikuwa bado na maji, hivyo nilitembea juu ya majengo yaliyopinduka. Sikukutana na mtu mpaka benki. Milango ile ya shaba ina urefu wa watu watatu. Imechongwa matete, na chini kabisa, kwenye usawa wa goti, kuna chura mmoja ambaye sikujua yupo. Nimeikarabati lifti ya benki hiyo mara ishirini. Chura huyo ameng'aa kwa kuguswa. Wengine wote walimjua kabla yangu.

Ngazi ya mahakama ina vipande sabini na tatu. Haina nguzo katikati. Ukisimama chini unaona mduara wa mwanga juu, na mhudumu aliyekuwa akifagia ghorofa ya tatu alikohoa, kikohozi chake kikashuka taratibu kikizunguka, kikanifikia baada ya yeye kuwa ameshaingia ndani. Nilikaa kwenye kipande cha arobaini. Sijui nilikaa kwa muda gani.

Ndege wa chuma ni kumi na tisa, wameunganishwa kwa vyuma vya baiskeli na masufuria. Upepo ukija hawageuki wote. Mmoja anaanza, wengine wanafuata kwa kusitasita, kama watu kwenye mkutano. Nyuma yao, kwenye ubavu wa jengo la bima, yuko mwanamke aliyelala, amechorwa kwa rangi ghorofa tisa nzima. Lifti yangu ya kule inapita nyuma ya bega lake. Miaka yote hii nimekuwa nikipanda ndani ya mkono wa mtu aliyelala na sikuwahi kufikiri kushusha sauti.

Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa Jumba la Simu. Mlinzi alinifungulia.

"Umekuja kumuona Mrudi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu." Akanyoosha kidole.

Shangazi, naandika nilichokiona. Ukuta una urefu wa hatua thelathini na moja. Kuna watu arobaini, wakubwa kama watu wa kweli, wametengenezwa kwa vipande vya vigae na vioo visivyozidi ukucha. Wanatembea barabarani asubuhi. Jua liko mwisho wa ukuta, mkono wa kulia, na wote wanalifuata: mwenye baiskeli, wenye vitabu, mwenye mwavuli, mzee na fimbo. Wote isipokuwa mmoja. Wa kumi na saba ni mwanamke wa gauni la bluu na kifurushi, naye anakwenda kushoto. Jua la kweli lilipoingia dirishani lilitembea juu yao mmoja mmoja, na kwa dakika tatu hivi sikuwa na hakika nani amesimama, mimi au wao.

Mlinzi anasema mji mzima hupeana miadi hapo. "Tukutane kwa Mrudi." Alipokutana na mke wake ni hapo. Vijana wawili waliingia wakati nipo, wakaketi chini yake, mmoja akamenya chungwa. Kuna kijitabu cha mhadhiri wa chuo kinachosema yeye ndiye siri ya ukuta: mwanamke anayekataa kufuata umati. Mhandisi ameniambia kamati inamtaka huyo kuliko thelathini na tisa wengine wote.

Je, umejaza fomu?

Mwanao,
Panda-Shuka


2 Mei

Panda-Shuka,

Marahaba. Nimecheka kwa jino la mtoto. Mshonaji ameanguka kwenye baiskeli na hakuumia, lakini ameagiza apelekewe uji siku tano. Tumepeleka.

Ngazi ya mahakama ina vipande sabini na nne. Hukuhesabu cha mlangoni kwa sababu kimelingana na sakafu. Vingine umetazama vizuri. Chura simjui, labda walimwongeza.

Umeniuliza kuhusu kazi ilivyofanywa. Hukuniuliza, lakini ungeniuliza. Ukuta kama ule haujengwi ukutani. Unajengwa mezani, kwenye karatasi ya kaki, na kila mtu wa mchoro alikuwa na karatasi yake yenye namba. Unagandisha vipande kwa gundi ya unga, uso wake mzuri ukiwa chini. Karatasi ikijaa inabebwa na watu wawili, inabandikwa kwenye saruji mbichi. Kesho yake unailowesha kwa sifongo na kuibandua, na hapo ndipo unaona uso kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kila kitu mezani lazima kiwe kinyume. Anayetaka kwenda kulia unamgandisha akienda kushoto. Tulikuwa watano, Fundi Kipara akiwemo, tukafanya kazi miezi saba kwa kutazama migongo ya vitu.

Mimi nilichanganya gundi. Kamati itafute mwingine.

Shangazi yako


26 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na uji. Baba amenunua viatu na sasa anavitembeza sebuleni. Anasema wewe ulikuwa na mkono mwepesi kuliko wanaume wote wa karakana ile, na ndiyo maana Fundi alikuita Vidole. Nikamuuliza, mchanganya gundi anaitwaje Vidole? Akasema hajui, niulize wewe.

Hakuna mwingine wa kutafuta. Mhandisi amewatafuta. Wa watano, watatu wamefariki, mmoja alihama na hakuna anayejua alikokwenda. Umebaki wewe.

Jumatano niliitwa kufungua lifti ya Jumba la Simu kwa mara ya mwisho, kuishusha chini na kukata umeme wake. Nilipomaliza, mhandisi alikuwa ukumbini juu ya jukwaa la mabomba akipima ukuta. Mafundi wanamwita Mama Rula, na si kwa kumtania. Alikuwa na rula tatu. Akaniambia nipande. Nilisimama uso kwa uso na watu wako. Kwa karibu hawapo, Shangazi. Kuna vipande tu, vya kijani karibu na vya zambarau, na shavu la mtu ni kipande cha kikombe cha chai. Ukirudi nyuma hatua moja, anakutazama.

Nimefanya kazi na milango miaka kumi na mitano na huwa natazama upande. Nikatazama vivuli. Jua la ukuta liko kulia. Watu thelathini na tisa wanalielekea, nyuso zao zina mwanga, na vivuli vyao vimelala nyuma yao, upande wa kushoto, kama inavyotakiwa. Mrudi ameligeuzia jua mgongo. Mgongo wake ulipaswa kuwa na mwanga na uso wake kiza. Lakini uso wake ndio una mwanga, na kivuli chake kimelala upande wa jua.

"Umeona nini?" Mama Rula akauliza.

"Vumbi," nikasema.

Chini alikuwepo binti wa Fundi Kipara. Ana duka la dawa mtaa wa nyuma, ni mama mtu mzima, mpole, ana miwani ya kamba. Alinishika mkono kwa mikono miwili kwa sababu yako. Ameandika barua kwa kamati kwamba baba yake alimweka Mrudi kwa makusudi na ndiyo kazi yake bora maishani. Alisema, "Baba hakuwa mtu wa maneno. Yule mwanamke ndiyo maneno yake."

Sikumwambia kitu. Nakuuliza wewe. Karatasi namba kumi na saba aligandisha nani?

Na swali la pili, ambalo mke wangu amesema nisiliandike. Hukuja kwenye harusi yetu. Ulisema basi linakuumiza mgongo. Mwezi huohuo ulisafiri kwa basi siku mbili kwenda kumzika shemeji yako. Uliondoka mji huu miaka arobaini na moja iliyopita na hujakanyaga tena. Kwa nini?

Mwanao,
Panda-Shuka


7 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya sita sasa, sijapata barua yako. Nilimpigia mshonaji, akasema u mzima, unaweka vigae jikoni kwa mwalimu na hutaki kuzungumza na mtu. Huo ndio uzima wako, kwa hiyo sikuhangaika sana. Kidogo tu.

Wote wazima. Mtoto ana meno manne.

Wamezungusha mabati Jumba la Simu. Mlinzi bado anafungua kwa wanaojua kubisha hodi. Nimekwenda Jumapili tatu mfululizo, njia ileile uliyonipa, na nimeanza kuiota: naota nashuka ngazi ya mahakama na mwishoni natokea ndani ya bega la mwanamke aliyelala, na matete ya shaba yanapigwa na upepo. Mke wangu anasema naongea usingizini. Anasema nahesabu.

Kwa mara ya kwanza nimeviona vipande sabini na nne.

Kama nimekuudhi kwa swali langu, niambie. Usinyamaze.

Panda-Shuka


21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Jiko la mwalimu limekwisha, limenyooka. Msalimie baba yako na umwambie asinisemee.

Karatasi namba kumi na saba niligandisha mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, usiongeze kitu. Kila mchoro tuliugeuza kwa kuuweka kwenye kioo cha dirisha na kuunakili kwa nyuma. Siku ile nilikuwa na mchoro wa asili mezani na karatasi tupu pembeni. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na huzuni wala mchumba. Nilikuwa na haraka, kwa kuwa nilikuwa hodari na nilitaka kumaliza kabla ya wanaume. Nikachora moja kwa moja bila kwenda dirishani. Nikagandisha siku nne. Ilikuwa karatasi nzuri kuliko zote, Fundi mwenyewe alipita akaigonga kwa kidole, tap tap, akasema, "Vidole, hii usiivunje."

Ilibandikwa mimi nikiwa naosha ndoo. Nilipolowesha na kuvuta karatasi, nikaona anakuja upande wangu. Ufunguzi ulikuwa keshokutwa. Saruji ilikuwa imeshashika.

Fundi aliigusa saruji kwa kidole. Akasema, "Tungemtoa kwa patasi, tutabaki na shimo." Akasema tena, "Kesho usije na uso huo." Basi.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alitembea urefu wa ukuta mikono nyuma, akasimama hapohapo. "Na huyu mama mbona anarudi?" Fundi akajibu, "Amesahau ufunguo, mheshimiwa." Wakacheka mpaka mgeni akafuta macho. Lakini aliyekuwa nyuma yake, mkubwa wa majengo wa wakati ule, hakucheka. Kazi ya dari ya ukumbi wa manispaa, aliyokuwa ameahidiwa Fundi, alipewa mtu mwingine. Hakupewa tena ukuta wa serikali mpaka anakufa. Aliweka sakafu za watu.

Mimi niliondoka wiki ileile. Sikumuaga. Aliniandikia mara mbili kwamba kazi ipo, nirudi. Sikujibu. Nimeweka vigae vya bafu miaka arobaini, na vigae vya bafu havina kulia wala kushoto.

Sasa unajua kwa nini fomu iko juu ya kabati. Ukurasa wa pili unauliza maana ya mchoro, na chini yake kuna mstari: natamka kuwa haya ni kweli. Nikisema Fundi alikusudia, ni uongo na nitautia sahihi. Nikisema ni kosa, namnyang'anya maiti sifa, na yule binti kauli ya baba yake, na kamati itasema kumbe. Nikinyamaza unaanguka. Mimi ni fundi, naona njia tatu na zote zinavuja.

Harusi yako iliniuma. Gauni nilikuwa nimeshashona.

Shangazi yako


4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha mashine juu ya benki, ndiko kuna utulivu. Mke wangu nimemsomea mstari wa mwisho tu. Ametoka nje kidogo, kisha akarudi na kuuliza ni gauni la rangi gani.

Sijamwambia mtu. Lakini nilimtafuta Mama Rula nikamuuliza kwa mbali.

"Tuseme mtu amechora kitu, kikatokea tofauti na alivyotaka," nikamwambia. "Fomu yako inasemaje?"

"Fundi wa lifti, wewe unapenda sana fomu."

"Nauliza tu."

Akaweka rula chini. "Kura ziko saba. Tatu ni zangu kwa vyovyote, kwa sababu ni kazi ya mikono na hakuna nyingine kama hiyo mjini. Mbili hazitaki kulipia ubebaji, hizo hazibadiliki. Mbili zilizobaki ni mhadhiri na rafiki yake, na hao wanampenda Mrudi kwa sababu ya kijitabu. Akitokea mtu akawaambia maana yao haipo, sijui. Wanaweza kuona haya. Mtu mwenye haya hupiga kura vibaya."

Kisha akauliza, "Ni kivuli, siyo?"

Nikaiokota rula yake nikampa.

"Nimepima ukuta ule miezi mitano," akasema. "Unadhani mimi sina macho? Nimekaa kimya kwa sababu si wangu kuusema. Mwambie shangazi yako hatujaonana."

Sina ushauri. Naweza kukupa nilichokiona tu. Leo nilipita tena njia yote. Kulikuwa na ukungu, nadra kwa mji huu. Ndege wa chuma walikuwa wamebaki kumi na mmoja, wengine wamemezwa, na mwanamke wa bima alikuwa amelala bila miguu. Jumba la Simu halikuonekana mpaka nilipogusa mabati. Ndani, mlinzi alikuwa amewasha taa moja. Chini ya Mrudi aliketi mama mmoja na mkoba wake. Nikamsalimu. Akasema alikuwa akimngoja dada yake, wanakutana hapo kila mwezi tangu walipogombana, kwa kuwa nyumbani kwa yeyote kati yao hawawezi kukutana. Nikamuuliza kama anajua kwa nini yule wa ukutani anarudi.

"Mimi huwa simtazami," akasema. "Mimi namtazama dada yangu akiingia."

Dada alikuja. Walisalimiana kwa kichwa. Nikaondoka.

Zimebaki siku ishirini na saba. Chochote utakachokiandika, nitakipeleka mimi.

Mwanao,
Panda-Shuka


25 Agosti

Panda-Shuka wangu,

Marahaba. Mwambie mkeo gauni ni la njano na bado liko kwenye sanduku, ila mimi ndiye niliyenenepa. Msalimie kaka yangu. Mshonaji anakusalimu, anadai kuwa alijua siku zote, na hakujua lolote. Mwanafunzi wangu mmoja amepata kazi ya hospitali, bafu kumi na mbili.

Baada ya barua yako sikujaza fomu. Nilimwandikia kwanza binti wa Fundi. Nilimwambia yote, pamoja na ufunguo na barua mbili za baba yake ambazo sikuzijibu. Sikumwomba radhi kwa ajili yake, nilimwomba kwa ajili yangu. Nilidhani atanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Amejibu. Nanakili sehemu, kwa sababu barua nataka kubaki nayo: "Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilifunga duka nikaenda kusimama pale, na kivuli nimekiona. Nimepita chini yake tangu nikiwa msichana na sikukiona. Barua yangu ya kamati nimekwenda kuichukua. Sitasema lolote badala yako, wala dhidi yako. Ukitaka kusema, uje useme kwa mdomo wako. Baba angependa kuona ule uso aliokukataza kwenda nao."

Mtu wa duka la dawa, lakini ni mtoto wa baba yake.

Fomu nimeijaza na iko humu. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika majina ya wote watano na kazi ya kila mmoja. Kwenye maana ya mchoro nimeandika hivi, usibadilishe hata nukta: "Watu arobaini wanakwenda kazini asubuhi. Mchoro ni wa Fundi Mkuu. Karatasi namba kumi na saba niliigandisha mimi bila kuigeuza, kwa haraka, ndiyo maana mmoja anakwenda upande mwingine na kivuli chake si sahihi. Fundi Mkuu alilibeba kosa hilo na likamgharimu kazi. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakikutana chini ya mwanamke huyo. Hilo halikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote. Mtakaloamua, msimsahihishe." Nimetia sahihi.

Mhadhiri wako akiona haya, na aone. Mimi nimeona haya miaka arobaini na moja na sijafa.

Kura inaweza kwenda vibaya, nalijua hilo. Nikiwa nimesimama pale na wao wakisema hapana, nitakuwa nimeuona siku moja kabla haujaanguka, na ninyi mtakuwa mmeujua ulivyo. Wakisema ndiyo, nitaomba kusimamia mimi mwenyewe ukataji wa ile ya kumi na saba. Patasi zangu nimezinoa.

Peleka fomu kwa mhandisi mara upatapo barua hii, mkononi, siyo kwa karani. Mwambie naomba kamati isikae ofisini, ije ukumbini. Akikataa, nitakuja hivyohivyo.

Wewe usiombe ruhusa kazini kwa ajili yangu siku ya kufika. Watu watakwama kwenye lifti. Siku ya kikao omba. Nimekata tiketi. Basi linaingia Jumatano tarehe 11 Septemba, saa tisa alasiri, na atakayenipokea stendi ni binti wa Fundi, ametaka mwenyewe. Nitalala kwake. Kikao, ameniandikia yeye, ni Alhamisi tarehe 12, saa nne kamili.

Shangazi yako,
Vidole